Chaki Iliyosahaulika Hewani

Mwalimu wa hesabu hana mfuko usio na vumbi la chaki. Akifundisha kasi ya mabadiliko, hurusha kipande juu na kukidaka bila kukitazama, akiwauliza watu wazima wa darasa lake la jioni: “Ni wapi kasi yake ni sifuri?”

“Mkononi mwako, mwalimu!” humjibu kila mara, naye hucheka hadi miwani imteleze puani, kisha hurusha tena.

Jana fundi cherehani, aliyekuwa kimya tangu muhula uanze, alinyoosha kidole. “Kama sindano yangu, mwalimu. Pale juu kabisa imeshaacha kupanda, na haijaanza kushuka.”

Mwalimu akamgeukia, mdomo wazi, akaisahau chaki hewani. Ikaanguka, ikavunjika vipande viwili. Akaviokota vyote, kirefu akampa fundi.

“Haya, mama, ubao ni wako.”