Deraya ya Mwalimu Kinyemi

Usiku ule sikuwa nimelala hata saa moja nilipomwona Mwalimu Kinyemi amesimama katika chumba cha makumbusho pale chuoni kwetu, miezi saba baada ya kumzika. Ndiye aliyenifundisha kutambua deraya, mavazi ya vita ya askari wa Roma ya kale: za magamba, za mabamba, na zile za pete ndogondogo za chuma zilizosukwa. Alikuwa mbele ya nakala ya plasta ya jiwe la kaburi la askari mmoja, nami nilitamani ardhi inimeze.

Kwa sababu ya jiwe hilo nilimwaibisha. Vazi la askari yule limechongwa laini kabisa, na kwenye kibao cha maelezo nikaandika, "Vazi la ngozi". Mwalimu akasema kwenye kikao cha idara kwamba hapana, ni pete. Mchongaji aliacha jiwe laini, pete zikachorwa kwa rangi, na rangi imepukutika. Akatuonyesha kishikizo cha kifuani, cha aina inayofunga deraya za pete. Nikamjibu mbele ya wote, "Mwalimu, hayo macho ya uzee hayo." Watu wakacheka. Yeye hakuja tena kikaoni mpaka anakufa.

Wiki chache baada ya mazishi nikaona kitabuni picha ya deraya iliyofukuliwa: bonge la pete zilizoshikana kwa kutu, na juu yake kishikizo kilekile, ncha zake vichwa vya nyoka. Nilikifunga kitabu. Sikumwambia mtu.

Sasa vazi lile la jiwe amelivaa yeye mwenyewe, laini, la kijivu. Ananishika mkono, anauweka kifuani pake. Vidole vyangu vinahisi pete, za baridi, moja moja.

"Nini hiyo, mwanangu?"

"Ngozi," nasema. Nasema hivyo huku nikizihisi! Hata ndotoni ubishi haukuniacha.

Chumba kimekuwa ukumbi wa kikao. Wenzangu wote wapo, wanacheka vilevile, na deraya inamlemea mzee mabegani mpaka anainama. Nataka kumpokea ule uzito, mikono hainyanyuki.

"Nitabadilisha kibao, Mwalimu," namnong'oneza. "Asubuhi na mapema, kabla hawajafika. Hakuna atakayejua."

Ananitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Hakuna atakayejua nini?"

Nikaamka. Nilikaa kitandani nimejifunika uso kama mtoto aliyekojoa. Kweli ndivyo nilivyokuwa nimepanga: nibandike kibao kipya kimyakimya, nionekane mjuzi, naye abaki mzee asiyeona. Kulipokucha nikampigia mkuu wa idara, nikaomba dakika tano za kikao.

"Za nini tena, Daktari?"

"Za kusema kwamba Mwalimu Kinyemi alikuwa sahihi," nikasema, "na kwamba nilijua, nikanyamaza."