Siku ya Kusafiri ya Mama Mdogo

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani, na sijaona mwenye mkono mzuri kama wake. Kasoro yake ni moja tu: siku. Ukimpelekea kitambaa atakwambia njoo kesho, na hiyo kesho yake haimo kwenye kalenda yoyote. Mimi niliolewa nikiwa nimevaa gauni la kuazima. La kwangu lilikamilika nilipokuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, na halikupita hata mabegani. Akanishangaa: "Si ungeniambia umenenepa?"

Basi tulishtuka aliposema anataka kwenda Afrika Magharibi. Alikuwa amesikia redioni habari za mji mkuu mmoja wa huko wenye makumbusho ya vitambaa vilivyofumwa kwa mkono tangu enzi za mababu, na tangu siku hiyo hakutulia. Siku chache tu, alisema: kutazama vitambaa, kusikiliza muziki, kuzurura mitaani na dada yake. Dada yake ndiye mama yangu, mwalimu mstaafu ambaye kengele ya shule ilimwingia kwenye damu na haijatoka. Mama alikubali, ila kwa sharti.

"Siku ya safari nitakupitia kwako. Nikikuta hujawa tayari, naondoka peke yangu. Hivyo vitambaa nitakuja kukusimulia."

"Dada, huwezi kuniacha."

"Wewe chelewa uone."

Ikaanza kazi ya kupanga. Mama alitaka ratiba yenye saa. Mama Mdogo alichukua ramani ya mji, akaikata kwa mkasi huku Mama akijishika kifua, akaibandika kwa pini kwenye lile sanamu lisilo na kichwa analolivalisha nguo. Hoteli ikakaa begani, makumbusho kifuani, soko kiunoni, na ukumbi wa muziki ukaangukia mahali ambapo Mama alikataa kupataja mbele yangu, utadhani watoto wangu niliwaokota.

"Kutoka begani mpaka kifuani tunatembea," Mama Mdogo alieleza, futi ikining'inia shingoni. "Hii barabara kubwa ndiyo zipu. Tunaifuata mpaka kiunoni, tunanunua vitu vyetu, halafu jioni tunateremka kwenye muziki."

"Huko siteremki mimi!" Mama alifoka. "Hamishia huo muziki mgongoni."

Wateja waliokuja kudai nguo walikuta sanamu limevaa mji. Mmoja aliuliza kama hiyo ndiyo fasheni mpya na kama angeweza kushonewa ya kwake. Akaambiwa aje kesho.

Tiketi zilikatwa na Baba Mdogo, mume wake, mwokaji mikate, mtu mpole anayemjua mkewe kuliko anavyoujua unga. Akatutangazia kwamba ndege ni Jumamosi. Mama akanivuta pembeni.

"Huyu akishikilia Jumamosi, atakuwa tayari Jumatatu. Namwambia ni Ijumaa."

Akamwendea na kumwambia kwamba safari sasa ni Ijumaa. Mimi, dereva wao, niliamriwa kufunga mdomo, nikaufunga kwa raha zangu. Baba Mdogo hakujua lolote, maana wiki hiyo alikuwa na zamu ya kuoka usiku, na yeye na mkewe walikuwa wakipishana tu mlangoni.

Ijumaa asubuhi tukaenda, Mama akiwa amejiandalia hotuba ndefu ya kugomba. Tukamkuta Mama Mdogo amesimama nje. Sanduku limefungwa, cherehani imefunikwa shuka, nguo za wateja zote zimepigwa pasi na wenyewe wamezichukua. Amevaa gauni jipya alilojishonea, limekamilika mpaka kifungo cha mwisho.

"Dada, leo nimekuwahi!"

Mama akaanza kukagua vifungo, kimoja kimoja. Hapo ndipo Baba Mdogo alipotokea akirudi kutoka kazini, nyusi nyeupe kwa unga.

"Mnakwenda wapi asubuhi hii? Si niliwaambia Jumamosi?"

"Najua ni Jumamosi, shemeji," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyemwambia Ijumaa. Nilitaka awahi."

Baba Mdogo akashika kichwa, unga ukamwagika. "Mungu wangu! Na mimi niliwaambia Jumamosi ili awahi. Ndege ni Jumapili!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwona Mama Mdogo ameketi juu ya sanduku lake, gauni zuri likikunjamana, macho yamemjaa machozi. Kicheko kikanikauka.

"Yaani familia nzima hakuna hata mmoja aliyeniamini," alisema. Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Simu yake ikalia. Sauti ya mteja ilisikika mpaka nilipokuwa: gauni la mahafali, linatakiwa Jumatatu, fundi wangu tafadhali nakuomba. Sote tukaganda. Tulijua kwamba akigusa kitambaa leo, Jumapili hatumpati.

"Sipokei kazi," alijibu. "Nasafiri."

Tukashusha pumzi. Kisha kidole chake kikaanza kuchora hewani. "Kwani unataka mkono mrefu au mfupi?"

Mama akampokonya simu. "Fundi ameshasafiri!" alipiga kelele, akaizima na kuitumbukiza kwenye mkoba wake.

Mama Mdogo aliinuka, akaburuta sanduku mpaka kwenye gari langu. "Kama nimeshasafiri, hapa nafanya nini? Nipelekeni kwenu."

Akakaa nyuma na dada yake. Baba Mdogo alibaki barabarani akitupungia mkono kama vile ndege ndiyo hiyo inaruka. Tulikwenda mpaka tukaukaribia mtaa wetu.

"Dada."

"Unasemaje?"

"Ningechelewa, kweli ungeniacha?"

Mama alitazama nje ya dirisha. "Ningekaa pale mlangoni kwako mpaka ndege ituache sote wawili."

"Kwa hiyo hata hilo ulinidanganya."

"Hata hilo," alisema Mama.