Choo Kilichokataa Kiazi cha Molo

Taabu yangu ilianza Januari 2008, nikiwa na miaka hamsini na nne. Vurugu za uchaguzi ziliingia mtaa wetu wa Rhonda, na duka langu la vigae likapigwa mawe mpaka hakikubaki kigae kizima. Wenzangu walilia. Mimi nilitafuta magunia, nikaokota vipande vyote. Shule niliachia darasa la tatu, lakini najua kitu ulichonunua kwa jasho hakitupwi.

Mwezi wa nne nikasikia kuna mama Mhindi kule Milimani, mwenye duka la vitambaa mjini, anataka bafu lisilopoteza maji wala mali. Nikaenda na gunia begani. Nikamwambia sakafu nitaipanga kwa vipande, kama maua, bila kununua kigae kipya hata kimoja.

"Tengeneza hili la chini, fundi," akasema. "Likinipendeza, yale mawili ya juu ni yako. Lisiponipendeza, beba gunia lako."

Malipo ya hayo mawili ndiyo yangefungua duka tena.

Sakafu ilitoka safi, hata mimi mwenyewe nilivua viatu. Shida ikawa choo. Mama alikuwa amenunua kile cha vifungo viwili, cha maji kidogo. Mimi nimezoea choo kinachonguruma. Hiki kilikunywa kama kuku. Na sisi mafundi wa zamani hatukabidhi choo kabla hakijameza kiazi. Wengine hutumia kiazi kidogo. Mimi ni mtu wa Molo, kwenye viazi vikubwa kama ngumi mbili, siwezi kujiaibisha.

Nikakitumbukiza, nikabonyeza kifungo kidogo. Kiazi kikafika kwenye kona, kikatulia. Nikabonyeza kile kikubwa. Kikakwama kabisa. Maji yakapanda, yakamwagika juu ya maua yangu.

Mama akaja mbio, nyuma yake mama mkwe wake, nyanya wa bakora.

"Nini hiyo ndani?"

"Kiazi, mama. Napima."

Nyanya akachungulia, akaniangalia tumbo. "Pole sana, fundi. Kwenu haja huwa ya ukubwa huo?"

Mama hakucheka. "Beba gunia."

"Nipe siku mbili tu," nikamsihi, akakubali shingo upande.

Nikang'oa choo ili nitoe kiazi, na sakafu ikapasuka vibaya. Nikachukua vipande vingine guniani, nikajaza simiti, nikarudisha choo. Siku ya pili mama alipiga magoti kabisa akitafuta kiraka.

"Ulipasua wapi?"

"Kila mahali, mama. Tangu mwanzo."

Nyanya akatupa karatasi chooni, akabonyeza kifungo kidogo kwa bakora. Ikaenda kimya kimya.

"Ya juu anza Jumatatu," mama akasema. "Viazi acha nyumbani."

Leo nina duka Rhonda, mashine mbili za kukata vigae, nyumba ya mawe ya vyumba vinne, ng'ombe wawili, robo ekari ya viazi Molo, na choo cha vifungo viwili. Hicho sijakipima.