Kitako cha Gorogoro

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Bei alinikabidhi mizani ndogo ya kuning'iniza, akavitazama viatu vyangu, akasema, "Hivyo vya kisigino viache hapa. Halafu sikiza: mtafiti wa bei haombi punguzo na hapokei nyongeza. Ukipokea hata konzi moja, umeharibu bei." Nilidhani ananitisha tu.

Nyinyi vijana mnaosoma uchumi mnapenda sana grafu, nami siwalaumu, zinapendeza kutazama. Lakini grafu huanzia sokoni. Tulikuwa na kile tulichokiita kikapu, yaani vitu ambavyo familia haiwezi kukwepa kuvinunua: mahindi, unga, mafuta ya taa, sukuma wiki. Kila mwezi tulirudi kwa muuzaji yule yule kuuliza bei ya kitu kile kile. Nchi yetu ni uchumi mdogo ulio wazi. Bei ya mafuta huamuliwa mbali nasi, na barabara ya kutoka bandarini ikifungwa, mama wa mtaa wa Lindi, kule Kibera, hujua kabla ya waziri. Kazi yetu ilikuwa kumfikishia waziri habari hiyo. Niliifanya vizuri, na sitajifanya mnyenyekevu.

Nilianzia Gatina, kule Kawangware, kisha nikaongezewa Lindi. Muuzaji wangu wa Lindi alikuwa Mama Nekesa, mzaliwa wa Magharibi, aliyeuza mahindi kwa gorogoro, lile kopo la bati ambalo Nairobi nzima huamini ni kilo mbili. Nikishauliza bei nilinunua gorogoro moja ya nyumbani. Alilijaza, kisha akaongeza konzi moja juu, na kila mara niliirudisha guniani.

"Mama Ndinda, nyongeza inakataliwa na nani?" aliniuliza.

"Inaharibu bei," nilimjibu.

"Wee ni mtu wa ajabu."

Baadaye alikuja Mkurugenzi wa Utafiti, kijana msomi, akaleta fomu mpya. Mizani zikafungiwa kabatini. Gorogoro ni gorogoro, alisema, na sote tukakubali.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa 2007 na ghasia za kikabila zilizofuata. Soko la Toi liliteketea, wauzaji wetu wa pale wakatawanyika, tukabaki na Lindi na Gatina. Niliogopa, nasema wazi. Mimi ni Mkamba wa Machakos, na siku zile mtu alitazamwa jina kwanza. Lakini nilienda, nimebeba kiondo kama mnunuzi yeyote. Bei haikuwa imebadilika.

"Hii ni habari njema, Madam," Mkurugenzi alisema. "Kamati ya chakula cha msaada inataka kujua bei imepanda wapi. Lindi na Gatina zimetulia. Tunaziondoa kwenye orodha."

"Zimetulia vipi, na nimeona watoto wakigawana kikombe kimoja cha uji?"

"Uji si data, Madam. Niletee namba."

Nilitoka nimekasirika, nikarudi Lindi. Mama Nekesa alikuwa amelipindua kopo juu ya gunia, nikaona kitako chake kimegongwa kwa nyundo mpaka kikaingia ndani. Aliona kwamba nimeona.

"Nikipandisha bei, mtu atasema nachagua wa kuumiza, na hii kibanda itachomwa," alisema kwa sauti ya chini. "Kopo ikibonyea, kila mtu anaona na ananyamaza. Wanajua hata mimi nanunua ghali. Sasa wewe ukiandika, watu waanze kuniita mwizi, nitaenda wapi?"

"Jina lako siandiki. Lakini nisipoandika hilo kopo, chakula hakiji Lindi."

Aliligeuza kopo likae sawa. Nikaomba gorogoro moja. Alilijaza, akapitisha kiganja juu kusawazisha, akanimiminia. Hakuongeza hata punje. Niliondoka nikijua nimempoteza rafiki, na iliniuma sana.

Kesho yake nilienda Gatina, nikanunua gorogoro moja. Kopo la huko nalo lilikuwa limegongwa vile vile. Watu wa mitaa hiyo miwili, ambao kwa ghasia zile hawakuwa wakisalimiana, walikuwa wamepata jibu moja.

Niliingia kwa Mkurugenzi na mifuko miwili ya mahindi, nikatoa mizani kabatini, nikapima mbele yake: hakuna uliofika kilo mbili. Hakubishana. Alikuwa mtu wa namba, na namba zilikuwa zinaning'inia mbele ya pua yake.

"Bei imepanda, na sisi tunaandika imetulia," alisema taratibu. "Andika upya zote mbili. Na hizo mizani zirudi sokoni leo."

Chakula kilifika Lindi na Gatina. Hakikuwa kingi, lakini kilifika, na ripoti haikutaja muuzaji yeyote.

Miaka iliyofuata Mama Nekesa aliendelea kuniuzia, kopo likanyooshwa, nyongeza ikarudi, nami nikaendelea kuikataa. Siku ile hatukuitaja kamwe. Nilipostaafu, ofisi ilinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Niliipenda saa. Kisha nikaenda Lindi kuaga.

"Ile siku ya kopo ulinikasirikia," nilimwambia. "Hata nyongeza ulininyima."

Alicheka mpaka akashika gunia. "Nikukasirikie? Mama Ndinda, ningekuongezea, mizani yako ingesema kopo iko sawa, na mimi ningebaki mtu mzuri. Nilikupimia vile nilikuwa napimia majirani. Si ni wewe ulisema nyongeza inaharibu bei?"

Nikafungua kiondo changu. Akalijaza kopo, akaongeza konzi juu, kisha nyingine.

"Sasa umestaafu," akasema. "Usirudishe."

Sikurudisha.