Damu ya Wazazi Wawili

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja tu, wa kike, na tangu akiwa mchanga alikuwa mtoto wa maumivu. Viganja na nyayo vilimvimba hata kabla hajajua kutambaa. Macho yake yalikuwa na umanjano ambao wageni waliuona mara moja, ila sisi wa nyumbani tulishauzoea. Masika yakiingia, mvua ikapoza sakafu ya nyumba yetu ya Kariakoo, alilia kwa sababu ya miguu, akalia kwa sababu ya mgongo, mpaka sauti ikamkauka.

Aliyejua kumnyamazisha alikuwa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Baba aliuza nazi sokoni, na mama yangu aliondoka alfajiri na sinia lake la vitumbua, kwa hiyo mtoto alishinda na mama mdogo. Yeye hakujaliwa kuzaa. Alikuwa akipasha mafuta ya nazi kwenye kikombe cha bati, anakaa uani na kumlaza mtoto mapajani, anamkanda kuanzia magotini kwenda chini, taratibu, huku akimsimulia habari za kwao Kigamboni: kaa wanaokimbia upande, na mbuzi wa jirani aliyekula mkeka wa msikitini. Mdogo wangu alicheka na machozi yangali mashavuni.

Bibi yetu mzaa baba, ambaye tuliishi naye, aliyatazama hayo kwa jicho lingine.

"Mtoto huyu analia akiwa mikononi mwa nani?" alimwuliza baba siku moja mbele yetu sote. "Tazama mwenyewe. Kila akiumwa, yule yupo."

Baba akasema, "Mama, yupo kwa sababu ndiye anayemlea."

"Ndiyo hayo ninayosema."

Akaletwa mganga. Alikaa sebuleni, akapiga ramli yake, akasema adui wa mtoto yumo humu humu ndani, ni mwanamke, na tumbo lake halijawahi kubeba kitu. Hakuhitaji kutaja jina. Mama yangu alijifunika uso kwa kanga, hakusema ndiyo wala hapana. Wiki ile ile baba akatoa talaka. Mama mdogo alitoka na sanduku lake la bati kichwani, na mdogo wangu akamfuata hadi mlangoni kwa mwendo wake wa kuchechemea, akarudishwa ndani kwa nguvu.

Masika yaliyofuata mdogo wangu alifariki. Siku zake za mwisho alikuwa akiita, "Mwiteni mama mdogo aje anikande." Bibi alimjibu kwamba amesafiri. Siku ya maziko mama mdogo alikuja kweli, lakini wanawake wa mtaani walimzuia mlangoni. Akavuka barabara, akasimama kwenye baraza la duka lililotukabili, na hapo alisimama mpaka jeneza likatoka. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi mdogo. Niliyaona hayo kama mtoto anavyoyaona mambo ya wakubwa, nikayaamini.

Miaka ikapita. Bibi naye akatangulia mbele ya haki. Mimi nikafaulu, nikachaguliwa kusomea kazi ya usaidizi wa daktari, na mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa masomo ya msingi. Lililonivutia kuliko yote lilikuwa biolojia. Kila asubuhi nilikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu nikiwa na hamu ya kufika. Tulipasua vyura wa bonde la Jangwani na samaki wa soko la Feri, tukajifunza kwamba moyo una vyumba na jani lina matundu ya kupumulia. Mwalimu wetu, mtu wa Kilimanjaro aliyesomea Uganda, alikuwa mpole, ila hakutaka mtu akariri. "Usiniambie kitabu kimesema nini," alizoea kusema. "Niambie umeona nini."

Siku moja alikuja na kunde za rangi mbili, akaziweka mezani. Alikuwa akitufundisha urithi. Alisema kila mtoto huchukua mbegu moja ya urithi kwa baba na moja kwa mama, na kwamba mtu anaweza kubeba kitu mwilini mwake maisha yake yote asikijue, mpaka akutane na mwenzake aliyebeba kitu kile kile. Kisha akatuita mmoja mmoja kwenye hadubini. Ilikuwa damu ya mgonjwa iliyoletwa kutoka hospitali. Chembe za damu tulishaziona kabla, mviringo kama sarafu. Hizi nyingi zilikuwa zimepinda, zimechongoka ncha mbili, kama mundu wa kukatia majani.

"Chembe hizi hukwama ndani ya mishipa midogo," mwalimu alisema. "Mtoto mwenye damu hii huvimba mikono na miguu akiwa mchanga. Macho huwa ya manjano. Hulia kwa maumivu ya mifupa, hasa wakati wa baridi na mvua."

Jicho langu lilikuwa bado kwenye hadubini. Nilibaki pale mpaka mwenzangu akanigusa bega kwamba zamu yake imefika. Somo lilipokwisha nilimfuata mwalimu, nikamwambia kwamba yule aliyemweleza namjua, ni mdogo wangu, naye alikwisha kufa. Sikumficha na habari za mama mdogo.

"Nataka uwe na hakika kabla hujasema neno nyumbani," mwalimu akasema. Akanipa vipande vya kioo na sindano safi, akanieleza jinsi ya kuchukua tone la damu, kulifunika kwa kioo chembamba na kuziba kando kwa vaselini ili hewa isiingie. "Mwenye kubeba mbegu moja tu ya ugonjwa huu haumwi. Lakini damu yake ikikosa hewa, siku ya pili utaona mwenyewe."

Mama alinipa kidole bila kuuliza. Baba aliuliza.

"Ya nini?"

"Nataka kujua maradhi ya mdogo wangu yalitoka wapi."

"Yalikotoka si tunakujua?"

"Baba, shuleni nimeonyeshwa kitu kingine."

Alinitazama, halafu akanyoosha mkono, mkono mgumu wa mtu wa kufua nazi, ikabidi nichome mara mbili.

Siku ya pili tulitazama, mimi na mwalimu. Kwenye damu ya mama chembe zilikuwa zimepinda. Kwenye ya baba pia. Mwalimu aliondoka mezani akaenda dirishani, akaniacha nitazame peke yangu kwa muda niliotaka.

Nilimweleza baba baada ya sala ya alasiri, tukiwa wawili kwenye baraza. Nilimweleza kwa kunde, kama nilivyofundishwa. Nilitahadhari nisimtie hatiani, nikamwambia mtu hachagui damu yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo maradhi yalitoka kwangu," alisema.

"Kwako na kwa mama. Nyote wawili."

"Na yule?"

"Yule hakuwa na lake lolote, baba."

Alivua kofia, akaishika magotini, akaitazama. Baadaye akasema, "Wewe ndiye uliyesoma. Nenda ukamwambie." Nikamwomba twende wote. Akatikisa kichwa.

Basi Jumapili nilishuka Magogoni, nikavuka kwa kivuko hadi Kigamboni. Nilimkuta mama mdogo kwa kaka yake, anasuka ukili wa mkeka nje ya nyumba. Alikuwa amekonda, ila alinijua nilipokuwa mbali bado.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umekuwa mtu mzima. Kaa."

Nikakaa, nikasema yote. Mikono yake haikuacha kusuka. Nilipomaliza, nilitazamia alie, au anitukane, au angalau amshukuru Mungu kwamba amesafishwa. Alikata ukili kwa meno, akasema, "Mwanangu, mimi nilijua sikufanya. Hizo ni habari zao wao, si zangu."

Tukakaa. Mwishoni yeye ndiye aliyeuliza, na safari hii mikono ilisimama.

"Alipokuwa akiumwa ule ugonjwa wa mwisho, aliniulizia?"

Nikamwambia kweli. Nikamwambia maneno yenyewe aliyokuwa akiita.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa utulivu, uso kautazamisha ukutani, na mkono mmoja ukawa unapita juu ya goti lake mwenyewe, unashuka na kurudi. Niliaga kwa sauti ndogo. Hakunisindikiza.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikifikiri jambo ambalo mwalimu alikwisha kulisema darasani, kwamba ugonjwa ule hauna dawa. Hata kama tungejua mapema, pengine mdogo wangu asingeishi. Lakini angekufa mapajani mwa mtu anayejua mahali pa kumshika. Hilo tu lilikuwa ndani ya uwezo wetu, na ndilo tulilomnyima.

Baba alichelewa. Alikaa na neno lile moyoni kwa miezi mingi, na mama alimhimiza mara nyingi. Ijumaa moja alivaa kanzu, akavuka. Kaka mtu alimwambia dada yake amekwenda Mafia kuishi na jamaa zao, hajui atarudi lini. Baba alirudi nyumbani na jua la saa nane, akakataa chakula. "Nimekwenda kutaka radhi, sikumkuta," alimwambia mama. Alikufa bila kuonana naye, na mimi sikupata kusikia tena habari zake.

Nilifaulu mtihani wa mwaka ule. Katika biolojia nilipata alama nzuri, na mwalimu alinipa mkono mbele ya wenzangu. Nilipomaliza mafunzo nilipelekwa kufanya kazi kwenye zahanati za mashambani, na huko nililetewa watoto wengi wenye macho ya manjano na miguu inayouma. Kila mara nilimwomba mama wa mtoto arudi pamoja na mumewe, na mama mkwe kama yupo, niwaeleze wote kwa pamoja. Wapo waliorudi, wakasikiliza. Wengine walinijibu kwa adabu kwamba wamekwisha kumjua mtu anayewaroga, wakambeba mtoto wao wakaenda.