Shangazi Mlangoni mwa Banda la Video

Kwetu mtu akiposa, upande wa binti humtuma mtu aende kimya kimya kuuliza habari zake. Mposaji haambiwi. Nilijua hilo, maana hata kaka zangu waliuliziwa hivyo hivyo, lakini nilijidanganya kwamba Geita nilikofanyia kazi ni mbali mno na Didia, kwao binti, hakuna atakayejisumbua.

Nilikuwa fundi wa pampu za kuvuta maji mashimoni mwa dhahabu. Kazi ikilala, nilishinda kwenye banda la video, ambako mwenye banda alikuwa ameleta gemu la magari. Jiji ulikuwa unaliona kwa juu, watu wadogo kama siafu, na kazi yako ni kumshusha mtu kwenye gari lake, kuondoka nalo na kuwakimbia polisi. Ukikanyaga watu, unapata pointi. Hakuna aliyeniweza. Wachimbaji wakanipa jina la Mwizi, nami nikavimba kichwa.

Basi shangazi wa mchumba wangu akashuka stendi, akaanza kuniulizia. Mumewe alikuwa mkubwa wa sungusungu, walinzi wa jadi, kule kwao, na nyumbani mwake mwizi si neno la utani; yowe la ng'ombe walioibwa likipigwa, hakuna anayebaki kitandani. Wachimbaji, kwa wema wao wote, wakanisifia. Wakamwambia huyo ni mwizi hasa, jana tu kaiba gari la polisi na hawakumpata. Kisha wakamleta mpaka mlangoni.

Sikumwona. Nilikuwa nimekuta watu wanavuka barabara kwa mstari, nikawapitia wote kwa mkupuo mmoja. Banda zima likaangua kicheko, changu kikiwa juu ya vyote. Mwenye banda akanigusa bega. Nikageuka, nikamtambua, maana alikuwepo siku tulipopeleka posa.

Nikainama, nikamwamkia. Akaitikia marahaba. Nikaanza kubwabwaja kwamba huu ni mchezo tu, mama, hao si watu, hata gari lenyewe halipo. Nilitamani ardhi ipasuke, na Geita mashimo hayakosekani.

"Ng'wanawane, macho ninayo," akasema taratibu, akiniita mwanawe kwa Kisukuma. "Najua hao si watu. Ila meno uliyoyatoa yalikuwa yako."

Nikamkaribisha soda, akakataa, akarudi stendi. Nilihesabu posa imekwisha.

Jibu likaja kutoka Didia: nimekubaliwa. Mchumba wangu alinieleza baadaye kwamba shangazi alisema tu kijana ana kazi na watu wanampenda. Wangenikataa ningekasirika, na hasira ingepoa. Aibu hii haikupata pa kwenda.

Siku hizi nina gari. Nikimpakia shangazi, naendesha polepole mpaka mbuzi wanatupita, na nikimwona mtu anataka kuvuka, nasimama kabisa. Mke wangu huwa anacheka mpaka machozi. Mimi nacheka naye, mdomo nikiwa nimeufunga.