Kimeo cha Mbithe

Kalunde wa Mitaboni alimwamini mama mkwe wake kuliko alivyojiamini mwenyewe. Sauti ya binti yake Mbithe, wa miaka mitatu, ilipozidi kukwaruza hata majirani wakamwita jogoo mzee, na pumzi ikaanza kukoroma mchana kweupe, zahanati iliandika barua apelekwe hospitali Machakos mjini. Kalunde alikuwa na mahindi ya kuvuna. Barua na mtoto akamkabidhi mkwewe, Syokau.

Jioni Syokau alirudi naye mgongoni. "Daktari amemwona. Asile vitu vigumu siku tatu."

Kalunde alishukuru, akapika uji.

Wiki tatu baadaye, kila Mbithe alipovuta pumzi, ngozi ya chini ya shingo ilibonyea na mbavu zikajichora. Wanawake hao wawili walimkimbiza mjini. Daktari Winfred alimmulika kooni.

"Mama, nani alimkata mtoto kimeo?"

"Hajakatwa, daktari."

"Kimeo hakipo. Pale kinaponing'inia kooni pana kovu."

Kalunde alimgeukia mkwewe. Syokau alikuwa akikunja pindo la leso yake.

"Mwaitu, mama yangu, uliniambia daktari amemwona."

"Si Muthoka tunamwita daktari? Amekata vimeo vya kijiji kizima. Hata mume wako alikatwa, na leo anaimba kwaya."

Ni kweli, kijiji kizima kilimwita mganga Muthoka daktari. Lakini barua haikuandikiwa Muthoka, na Syokau alijua kusoma.

Kamera nyembamba ilipopitishwa puani, Winfred aliwaonyesha vinyama vilivyoshonana kwenye nyuzi za sauti kama punje za mtama. Njia ya hewa ilibaki nyembamba kama mrija wa soda.

"Kimeo hakikuwa na kosa," alisema. "Hivi tutavitoa leo. Huwa vinaota tena, kwa hiyo atarudi mara nyingi. Akicheleweshwa tena namna hii, huenda tukalazimika kumtoboa shingo ili apumue."

Alasiri Mbithe alitolewa chumba cha upasuaji, akipumua bila mlio. Siku ya tatu wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Langoni Syokau alinyoosha mikono.

"Nipe nimbebe, mama Mbithe. Umechoka."

Kalunde, macho mekundu kwa siku tatu za kukesha, alimpandisha mtoto begani.

"Sijachoka, mwaitu," alisema, akatangulia.